Kidaka cha Tisa

Jumba hili la Mikindani lilipimwa kwa mti:
boriti ya mkoko hairefuki kwa kiburi cha tajiri,
inakoma pale inapokoma,
ndiyo maana sebule ni ndefu kama uchochoro
na mwenye nyumba, kwa fedha zake zote za sandarusi na mpira,
alilala chumba chembamba kama sisi.

Mimi Somoe binti Mshamu, fundi chokaa.
Baba alitaka mtoto wa kiume wa kumwachia mwiko,
akapata mimi.
Nimepewa ukuta wa ghorofani,
vidaka kumi na vitatu, vingine vimeng'oka midomo.
Injinia Malibiche amesema mradi unafungwa Ijumaa ya pili,
wageni watakuja na kamera,
ukuta uwe mweupe kama jino la mtoto.

Niacheni kwanza niuseme ukuta.
Matumbawe yalikatwa yangali laini, maji yakiwa yamekupwa,
yakaanikwa mpaka yakagoma.
Chokaa ikachomwa, ikazimwa, ikalazwa shimoni
mwaka, labda miwili. Haraka ilikuwa haijafika pwani.
Kila kidaka kina tao lenye ncha,
na ndani ya tao, tao jingine dogo,
kama mtu aliyesema jambo
kisha akalirudia kwa sauti ya chini.
Humo zilikaa sahani za Uchina, na chetezo, na msahafu.
Mlangoni, miimo ya mbambakofi: minyororo, waridi,
samaki wawili wasio na macho.
Jina la mwenye nyumba limechongwa juu kabisa,
pamoja na dua na mwaka.

Chumba cha chini hakina dirisha.
Kibao kipya kinasema "Ghala".
Bibi yangu alikuwa na neno jingine,
na kabla ya kulitamka alitema mate.

Jumatatu, nikikwangua kidaka cha tisa,
Dadi akinishikia taa,
nyuma kabisa, mahali ambapo sahani ingefunika,
nikaona herufi za chuoni
zilizokwaruzwa kwa msumari chokaa ikiwa mbichi.
Nikazisoma nilivyofundishwa, kidole mbele, mdomo nyuma:

*Kazi ya Feruzi. Vidaka kumi na vitatu.
Nimelipwa vinne.*

Basi. Hapana dua, hapana mwaka.
Dadi akacheka, kisha akanyamaza,
maana nasi tuko wiki ya sita bila senti
na mama ntilie ameanza kutuita kwa majina kamili.

Nikakalia ndoo.
Alijua bwana hatasogeza sahani kwa mkono wake.
Atakayesogeza ni kijakazi wa kufuta vumbi,
ambaye labda hakujua kusoma,
au alijua, na kila Ijumaa
alifuta, akasoma, akairudisha sahani.
Deni zima, na shahidi wake mwenye tambara.

Na vile vinne vilivyolipwa ni vipi?
Nimevichunguza vyote kwa taa. Mkono ni mmoja.
Hata cha kumi na tatu, pembeni, gizani,
tao lake halina kosa la unywele.
Hilo ndilo lililoniudhi.
Feruzi, hata kimoja hukukipinda?

Injinia akapanda ngazi na viatu vyake safi.
"Kuna nini hapo?"
Nikasema, "Unyevu."
"Basi kandika, mama, siku zinakwenda."

Nikakandika. Vingine vyote nimevipa haki yake,
tabaka tatu, na kusugua kwa kokoto ya pwani
mpaka ukuta ukatoa mng'ao.
Cha tisa nimekipitishia maji ya chokaa tu, mara moja,
membamba, ya kulambwa na unyevu wa masika.
Kabla ya hapo niliazima msumari wa Dadi,
nikaandika chini ya mstari wake:

*Kazi ya Somoe. Wiki sita. Bado.*

Nasikia wataweka sahani hapo, ya dukani,
yenye maua, kwa ajili ya picha.
Waweke.
Mfuta vumbi atakuja.